Uzito wa Kura: Vyama vya Marekani na Haki za Watu Waliobadili Jinsia, 2007–2025

Mwaka 2007, uongozi wa chama cha Democratic katika Baraza la Wawakilishi la Marekani ulikuwa na muswada mikononi na hesabu isiyotimia. Muswada huo ulikusudia kumzuia mwajiri kumfukuza au kumnyima mtu kazi kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Kwa mara ya kwanza ulikuwa umepanuliwa uwalinde pia watu waliobadili jinsia, yaani wale ambao jinsia wanayoishi nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Barney Frank wa Massachusetts, mbunge aliyeusimamia na ambaye mwenyewe alikuwa shoga anayejulikana wazi, alipohesabu wabunge mmoja mmoja aligundua kwamba kura za kuwalinda mashoga na wasagaji zilitosha. Za kuwalinda waliobadili jinsia hazikutosha. Akakiondoa kifungu chao.

Uamuzi huo uliwapasua watetezi. Zaidi ya mashirika 300 yaliungana kuupinga muswada uliopunguzwa, ilhali Human Rights Campaign, shirika kubwa kuliko yote katika uwanja huo, hatimaye liliuunga mkono. Tarehe 7 Novemba Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 235 dhidi ya 184. Seneti haikuwahi kuupigia kura, na Ikulu ya George W. Bush ilikwisha kuonya kwamba ungekutana na kura ya turufu. Kundi dogo lilitolewa kafara kwa ajili ya sheria ambayo haikuzaliwa.

Hesabu ya Frank ilikuwa hesabu ya wabunge. Nyuma yake kulikuwa na dhana kuhusu wapiga kura ambayo karibu hakuna aliyekuwa ameipima, kwa kuwa wakati huo Wamarekani wachache tu walikuwa wameulizwa lolote kuhusu jambo hili, na wachache zaidi walikuwa wamelifikiria wakiwa kituoni na karatasi ya kura mkononi. Wanasiasa walikuwa wakiogopa jibu la swali ambalo bado halijaulizwa. Historia ya miaka 18 iliyofuata ni historia ya vyama viwili vikilitafuta swali hilo, kila kimoja kikitaka liulizwe kwa namna inayokipa kura.

Kwa muda ilionekana kana kwamba upepo unavuma upande mmoja. Mwaka 2009 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya uhalifu wa chuki iliyowataja watu waliobadili jinsia. Novemba 2013 Seneti ilipitisha muswada wa ajira, safari hii kifungu chao kikiwemo, kwa kura 64 dhidi ya 32, na maseneta kadhaa wa Republican wakauunga mkono. Spika John Boehner hakuufikisha mbele ya Baraza la Wawakilishi. Kisha tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ikahalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima. Jambo ambalo kwa zaidi ya muongo mmoja lilikuwa limewatoa wahafidhina wa kidini majumbani kwenda kupiga kura likafungwa mahakamani, huku maoni ya umma nayo yakiwa yamekwisha kugeuka. Wanaharakati wa mrengo huo walihitaji jambo jipya, na hawakulificha hilo. Terry Schilling, kiongozi wa shirika la American Principles Project, baadaye alilieleza gazeti la The New York Times kwamba walijua wazi kuwa lazima watafute suala ambalo wagombea wangekuwa tayari kulizungumzia.

Jaribio la kwanza kubwa lilifanyika Houston. Mwaka 2014 halmashauri ya jiji hilo, chini ya Meya Annise Parker, ilipitisha sheria ndogo iliyokataza ubaguzi kwa misingi mingi: rangi, dini, umri, ulemavu, hata utumishi wa jeshini, pamoja na jinsia ambayo mtu anajitambua nayo. Mahakama ya Juu ya Texas ikaamuru jiji liifute au iende kwa wananchi. Watetezi wake walipanga kampeni kuhusu usawa na sifa ya jiji mbele ya wawekezaji. Wapinzani hawakuigusa misingi ile mingine hata kidogo. Walizungumza kuhusu vyoo tu. Tangazo lao la televisheni lilimwonyesha msichana akiingia chooni peke yake, na mwanamume aliyejificha akimfuata. Novemba 2015 asilimia 61 ya wapiga kura waliikataa sheria hiyo, katika jiji lililokuwa limemchagua meya msagaji mara tatu. Bila shaka watu wa Houston hawakuwa wameanza kuuchukia usawa ghafla. Walikuwa wameulizwa kuhusu mtoto wao akiwa peke yake mlangoni mwa choo, na wazazi wengi hujibu swali la namna hiyo kwa namna moja tu.

Warepublican wa North Carolina waliyaona matokeo hayo wakadhani wamepata silaha inayofanya kazi popote. Februari 2016 jiji la Charlotte lilipitisha sheria inayofanana na ya Houston. Tarehe 23 Machi bunge la jimbo likaitwa katika kikao maalumu, likajadili na kupitisha sheria iliyojulikana kama HB2, na Gavana Pat McCrory akaitia saini usiku huohuo. Maseneta wa Democratic walitoka ukumbini bila kupiga kura. HB2 ililazimisha kila mtu katika majengo ya umma kutumia choo kinacholingana na jinsia iliyoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Ilizuia pia miji kutunga sheria zake za kupinga ubaguzi na kujipangia kima cha chini cha mshahara, kipengele ambacho matangazo hayakukitaja.

Hapo swali likabadilika, na waliolibadilisha hawakuwa wanasiasa. Kampuni ya PayPal ilifuta mpango wa kituo chake cha Charlotte kilichotarajiwa kuajiri watu 400. Bruce Springsteen alifuta onyesho lake la Greensboro. Ligi ya mpira wa kikapu ya NBA iliuhamishia New Orleans mchezo wake wa nyota wa mwaka 2017, na chama cha michezo ya vyuo vikuu, NCAA, kikaondoa mashindano yake ya ubingwa. Hasara hii ya mwisho iliuma pasipo kifani, maana katika jimbo hilo mpira wa kikapu wa vyuo una wafuasi ambao hata kanisa lingewatamani. Shirika la habari la Associated Press baadaye lilikadiria kuwa gharama ingefika zaidi ya dola bilioni 3.7 katika kipindi cha miaka 12. Mpiga kura aliyeulizwa kuhusu choo sasa alikuwa akiulizwa kuhusu ajira na heshima ya jimbo lake.

Mwanasheria mkuu wa jimbo, Roy Cooper wa Democratic, alikataa kuitetea sheria hiyo mahakamani, na alikuwa ndiye mpinzani wa McCrory katika kugombea ugavana. Novemba 2016 Donald Trump alishinda North Carolina kwa zaidi ya kura 170,000. McCrory, akiwa kwenye karatasi ileile ya chama kilekile, alishindwa kwa kura takriban 10,000. Uchunguzi uliofanywa vituoni ulionyesha kuwa karibu theluthi mbili ya wapiga kura waliipinga HB2. Si haki kuipa sheria hiyo lawama yote, kwani wakazi wa vitongoji vya kaskazini mwa Charlotte walikuwa pia na hasira kuhusu barabara ya kulipia iliyokuwa ikijengwa kwenye barabara kuu ya I-77. Hata hivyo, kwa kura 10,000 sababu yoyote kati ya hizo mbili ilitosha, na vyama vyote viwili viliichukua HB2 kuwa ndiyo sababu. Machi 2017 bunge lilelile la Republican lilifuta kifungu cha vyoo.

Trump mwenyewe mwaka 2016 aliupima upepo huohuo. Aprili 2016 alisema kwamba North Carolina imejiletea matatizo bure, na kwamba Caitlyn Jenner, mwanariadha maarufu aliyebadili jinsia, angeweza kutumia choo chochote anachokipenda katika jengo la Trump Tower. Alipoingia madarakani aliufuta mwongozo wa serikali ya Obama kuhusu wanafunzi waliobadili jinsia, na Julai 2017 akatangaza kwamba hawataruhusiwa jeshini. Hata hivyo hakulifanya jambo hilo kuwa nguzo ya kampeni zake wakati huo. Texas nayo ilijaribu sheria ya vyoo mwaka 2017, nayo ikafia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, ambako Spika Joe Straus, Mrepublican aliyewasikiliza wafanyabiashara, alikataa kuisogeza mbele.

Mwaka huohuo Virginia ilitoa mfano wa aina nyingine. Bob Marshall, mbunge wa jimbo tangu mwaka 1992 na mwandishi wa muswada wa vyoo, alishindwa na Danica Roem, mwandishi wa habari aliyebadili jinsia. Roem hakukana kuwa alivyo, lakini kampeni yake aliielekeza kwenye msongamano wa magari katika Barabara ya 28. Mwaka 2018 wananchi wa Anchorage, Alaska, walikataa pendekezo la vyoo. Novemba mwaka huo wananchi wa Massachusetts, kwa karibu asilimia 68, waliilinda sheria inayowakinga waliobadili jinsia wasibaguliwe katika maeneo ya umma. Silaha ya Houston ilikuwa imebutuka.

Walioitengeneza silaha hiyo hawakukata tamaa. Walibadilisha mahali pa kulenga, wakahama kutoka vyooni kwenda viwanja vya michezo, na kutoka kwa watu wazima kwenda kwa watoto. Katika uchaguzi wa ugavana wa Kentucky mwaka 2019, American Principles Project lilirusha matangazo kuhusu wavulana wanaoshindana na wasichana katika mieleka. Andy Beshear wa Democratic alishinda hata hivyo, kwa kura takriban 5,000, na kwa hesabu ya siku moja jaribio hilo lilishindwa. Kwa hesabu ya miaka mitano lilikuwa mwanzo. Machi 2020 Idaho ikawa jimbo la kwanza kuwazuia wasichana waliobadili jinsia kushiriki michezo ya wasichana. Miezi mitatu baadaye Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Bostock, hukumu ikiandikwa na Jaji Neil Gorsuch aliyeteuliwa na Trump, kwamba kumfukuza mtu kazini kwa kuwa amebadili jinsia ni kuvunja sheria. Kile alichokitoa Frank mwaka 2007 kikapatikana bila Bunge kutunga sheria mpya.

Kura za maoni zinaeleza kwa nini mambo hayo mawili yangeweza kutokea katika nchi moja na mwaka mmoja. Utafiti wa kituo cha Pew mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 64 ya Wamarekani waliunga mkono sheria za kuwalinda waliobadili jinsia dhidi ya ubaguzi katika kazi, makazi na maeneo ya umma. Katika utafiti huohuo asilimia 58 walitaka wanamichezo washindane katika timu za jinsia waliyozaliwa nayo, na asilimia 60 walisema jinsia ya mtu huamuliwa na maumbile aliyozaliwa nayo. Lazima baadhi yao walikuwa watu walewale. Mtu anaweza kuamini kwamba jirani yake asifukuzwe kazi wala nyumba, na wakati huohuo asikubali binti yake ashindane naye katika mbio. Wapima maoni wa pande zote mbili walizisoma namba hizi, na kila upande ukaenda na nusu yake.

Ndani ya Republican, hata hivyo, namba zilizoamua zilikuwa za mchujo wa chama kuliko za umma mzima. Kristi Noem, gavana wa South Dakota, aliurudisha bungeni muswada wa michezo Machi 2021, akihofia mvutano na NCAA. Wahafidhina waliokuwa wakimtazama kama mgombea urais wa baadaye walimshambulia vikali, na Februari 2022 akatia saini sheria ya namna hiyo kwa mikono miwili. Asa Hutchinson wa Arkansas aliitia saini sheria ya michezo mwaka 2021, lakini mwezi uliofuata alitumia turufu dhidi ya marufuku ya matibabu kwa vijana waliobadili jinsia, akisema serikali inaingia kati ya daktari na mzazi. Bunge lake lilimpuuza.

Aliyeyaweka mambo wazi kuliko wote ni Spencer Cox, gavana Mrepublican wa Utah. Machi 2022, alipotumia turufu dhidi ya muswada wa michezo, aliwaandikia wabunge barua yenye hesabu: wanafunzi 75,000 wa sekondari wanaoshiriki michezo, wanne waliobadili jinsia, na mmoja tu kati yao anayecheza katika timu ya wasichana. Aliandika pia kuhusu hatari ya kujiua miongoni mwa watoto hao, na kwamba alitaka waishi. Siku tatu baadaye bunge liliibatilisha turufu yake. Barua ile inastahili kukumbukwa, kwa kuwa katika fasihi nzima ya mabishano haya ni nadra kumwona mwenye madaraka akiwahesabu watoto wenyewe badala ya kura. Januari 2023 Cox naye alitia saini sheria ya kuzuia matibabu kwa walio chini ya miaka 18.

Wademokrat katika majimbo ya kihafidhina walikuwa na mizani yao. Laura Kelly wa Kansas alikuwa ametumia turufu mara mbili dhidi ya miswada ya michezo. Alipogombea tena mwaka 2022 alitoa tangazo akisema kwamba wanaume wasicheze michezo ya wasichana na kwamba kila mtu anakubaliana na hilo, kisha akarudi kwenye habari za shule na uchumi. Alichaguliwa tena. Beshear wa Kentucky alifuata njia tofauti. Machi 2023, miezi minane kabla ya uchaguzi, alitumia turufu dhidi ya muswada mpana uliogusa matibabu, vyoo na masomo ya shuleni. Hakukwepa. Alisema anaamini watoto wote ni watoto wa Mungu. Wapinzani wake walimwaga matangazo, na Novemba akashinda kwa pointi tano katika jimbo ambalo Trump alikuwa amelishinda kwa pointi 26. Mmoja alishinda kwa kusogea, mwingine kwa kusimama alipo. Katika chaguzi zote mbili gavana alikuwa mtu ambaye wapiga kura walikwisha kumjua kwa mambo mengine mengi, na hili huenda lilikuwa na uzito kuliko maneno yao.

Kamala Harris, mgombea urais wa Democratic, hakuwa na akiba hiyo mwaka 2024. Mwaka 2019, alipokuwa akiwania kuteuliwa na chama, alijaza dodoso la shirika la haki za kiraia la ACLU, akakubali kwamba wafungwa na wahamiaji walio kizuizini wapatiwe matibabu ya kubadili jinsia kwa gharama ya serikali. Wakati huo wagombea wa Democratic walishindania kura za wanaharakati, na jibu hilo halikugharimu kitu. Miaka mitano baadaye timu ya Trump ililichimbua pamoja na video ya Harris akilieleza kwa kinywa chake. Tangazo lililotengenezwa lilirushwa kwa wingi katika mechi za mpira wa Kimarekani, likimtumia Charlamagne tha God, mtangazaji mweusi mwenye wasikilizaji wengi, akishangaa msimamo huo. Lilimalizia kwa kusema kwamba Harris yuko upande wa “wao,” likitumia kiwakilishi ambacho baadhi ya watu hao hujitaja kwacho, na kwamba Trump yuko upande wako. Matangazo ya Republican kuhusu suala hili mwaka huo yaligharimu zaidi ya dola milioni 200.

Ustadi wake, kama neno hilo linafaa kwa jambo lililoumiza watu wengi, ulikuwa katika kuunganisha suala dogo na suala kubwa. Katika orodha ya masuala 22 ambayo Gallup iliwapa wapiga kura Septemba 2024, haki za waliobadili jinsia zilikuwa za mwisho kwa umuhimu. Uchumi ulikuwa wa kwanza. Tangazo halikumwomba mtu abadilishe orodha yake. Lilimwambia kwamba Harris anashughulika na cha mwisho wakati yeye anahangaika na bei ya chakula. Uchambuzi wa Future Forward, kamati iliyomuunga mkono Harris, ulikuta kwamba waliolitazama walisogea kwa pointi 2.7 kuelekea kwa Trump. Kampeni ya Harris ilijadili majibu kadhaa, kisha ikaamua kutolijibu tangazo hilo moja kwa moja na kurudi kwenye uchumi. Alipoulizwa na Bret Baier wa Fox News tarehe 16 Oktoba, Harris alisema atafuata sheria, na kwamba sheria hiyo ilikuwapo hata wakati wa Trump. Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikumwambia msikilizaji Harris mwenyewe anaamini nini.

Harris alishindwa, na waliojaribu kujibu kwa kusogea nao hawakuokoka. Colin Allred, aliyegombea Seneti huko Texas, alitoa tangazo akisema hataki wavulana wacheze michezo ya wasichana. Alishindwa na Ted Cruz. Sherrod Brown wa Ohio naye alijibu mashambulizi ya aina hiyo, akapoteza kiti cha Seneti. Siku hiyohiyo ya uchaguzi Delaware ilimchagua Sarah McBride, mtu wa kwanza aliyebadili jinsia kuingia Bunge la Marekani. Kabla hajaapishwa, Spika Mike Johnson alitangaza kwamba vyoo vya jengo la Bunge vitatumiwa kwa jinsia ya kuzaliwa. McBride alisema atafuata kanuni hiyo, kwa kuwa hakwenda Washington kupigania vyoo.

Baada ya kushindwa, Democratic ilianza kuhesabu upya hadharani. Mbunge Seth Moulton wa Massachusetts alisema chama kinaogopa mno kumuudhi mtu, akatoa mfano wa binti zake uwanjani. Viongozi wa eneo lake walimlaumu waziwazi. Machi 2025 Gavana Gavin Newsom wa California, aliyekuwa akitajwa kwa urais, alisema ushiriki wa wasichana waliobadili jinsia katika michezo hauna haki. Hata hivyo Januari 2025, muswada wa michezo ulipofika Baraza la Wawakilishi, ulipita kwa kura 218 dhidi ya 206, na Wademokrat wawili tu, wote wa Texas, waliuunga mkono. Machi ulikwama Seneti. Wakati huo Trump alikuwa amekwisha kutumia amri za urais: siku ya kuapishwa kwake serikali ilitangaza kutambua jinsia mbili tu, na tarehe 5 Februari ikafuata amri ya michezo. Juni, katika kesi ya Skrmetti, Mahakama ya Juu kwa majaji sita dhidi ya watatu iliruhusu Tennessee kuzuia matibabu kwa vijana. Utafiti wa Pew wa mwaka huo ulionyesha kuwa walioafiki sharti la michezo wamefika asilimia 66, na walioafiki sheria dhidi ya ubaguzi wameshuka hadi 56. Bado walikuwa wengi katika yote mawili.

Watu wote wanaobishaniwa, kwa makadirio ya Taasisi ya Williams mwaka 2022, walikuwa takriban milioni 1.6, yaani asilimia 0.6 ya Wamarekani wenye umri wa miaka 13 na kuendelea. Hawatoshi kumpa mtu ushindi katika jimbo lolote kwa kura zao peke yao, na vyama vyote viwili vinalijua hilo. Ndiyo maana wanapimwa kwa kura za watu wengine.

Mwaka 2025 Warepublican wa Virginia walirudia fomula ya Trump. Winsome Earle-Sears, mgombea wao wa ugavana, alitumia sehemu kubwa ya fedha zake za matangazo kumhusisha Abigail Spanberger wa Democratic na suala hili, hata akaazima muundo wa kauli ileile ya “wao.” Spanberger alijibu kwamba maamuzi kuhusu shule yawe ya wazazi na walimu wa kila eneo, kisha akarudi kwenye gharama za maisha na wafanyakazi wa serikali waliopoteza ajira. Novemba alishinda kwa takriban pointi 15, na chama chake kikapanda hadi viti 64 kati ya 100 vya bunge la wawakilishi la jimbo. Wachambuzi wa Republican walisema safari hii mpiga kura alikuwa na hasira na Ikulu. Wale wa Democratic walisema tangazo limechakaa. Sheria za kuzuia wasichana waliobadili jinsia kushiriki michezo ya wasichana, wakati huo, zilikuwa zimepitishwa katika zaidi ya nusu ya majimbo ya nchi.